Kura Moja ya Chake Chake

Mwezi wa Januari 1961, watu wa Unguja na Pemba walipokwenda kuchagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria, jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Na kura hiyo, ambayo ingeweza kupotea kwa mtu mmoja kushikwa na homa au kuchelewa shambani, ndiyo iliyokipa chama hicho kiti cha 10, mahasimu wao, chama cha Hizbu, wakapata viti 9, na ZPPP, chama kilichojitenga na Afro-Shirazi kwa uongozi wa Sheikh Muhammad Shamte, kikapata 3. Hao watatu nao hawakudumu pamoja: wawili wakaegemea kwa Hizbu na mmoja akenda kwa Afro-Shirazi, mizani ikasimama 11 kwa 11, wala hapakuwa na wa kuunda serikali. Kiti kimoja kikaongezwa ili sare isitokee tena, uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni, na katika fujo zilizozuka safari hiyo walikufa watu 68.

Wengi wanapoieleza hasama ya vyama Visiwani hutanguliza asili za watu, na mashamba ya mikarafuu, na utumwa wa zamani, na hayo yote yana nafasi yake katika kadhia hii, wala hapana mwenye insafu atakayeyakana. Walakin naona kwamba hesabu nayo haijapewa haki yake. Nchi ambayo tangu siku za mwanzo za kura imegawika karibu nusu kwa nusu, na ambayo kanuni zake zilimpa aliyezidi kidogo kila kitu na kumwacha aliyepungukiwa kidogo mikono mitupu, isingeweza ila kuzaa viongozi wa kutishana, hata kama raia wake wote wangekuwa wa tumbo moja.

Kutishana huko ndiko tunakoweza kukuita siasa ya ukingoni. Chama husogea hatua kwa hatua mpaka penye mporomoko, kikisusia vikao, kikikataa matokeo, kikizuia mikutano ya wengine au kikiapa kuingia barabarani, kwa kutumaini kuwa mwenziwe ataogopa kwanza. Ni mfano wa manahodha wawili wanaoukimbilia mlango mmoja wa mwamba, kila mmoja kakaza tanga na kumkodolea macho mwenziwe, akiamini kuwa yule wa pili atageuza usukani. Na aghalabu mmoja hugeuza, watu wa pwani wakashangilia ushujaa wa aliyepita, mpaka ifike siku ambayo hapana aliyegeuza. Hila yenyewe ni kumfanya mwenzio asadiki kwamba wewe huna akili ya kuogopa, na balaa lake ni kwamba wafuasi wako nao husadiki, ukaja kutaka kurudi nyuma wasikuelewe.

Kuwa na vyama viwili vikubwa si maradhi. Uingereza imeishi hivyo kwa muda mrefu, na hapo ndipo palipotoka masanduku ya kura yaliyoletwa Unguja mwaka 1957. Ila huko kwao aliyeshindwa hakutupwa nje, kwani tangu mwaka 1937 Kiongozi wa Upinzani hulipwa mshahara na dola kama anavyolipwa waziri, akahesabiwa kuwa na kazi ya serikali ijapokuwa kazi yake ni kuipinga serikali. Wakoloni wakatuletea mashindano bila ya kutuletea hilo tandiko la kuangukia mshindwa. Tena wakatuletea kanuni ya jimbo moja mjumbe mmoja, ambayo mwezi wa Julai 1963 iliwapa Afro-Shirazi asilimia 54 ya kura zote na viti 13 tu kati ya 31, ilhali Hizbu na ZPPP, wenye kura chache zaidi, wakaunda serikali kwa viti 18. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba mwaka huo, na mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Mtu anaweza kubishana mpaka alfajiri juu ya sababu za mapinduzi, lakini asisahau kuweka na hizo namba mbili, 54 na 13, mbele ya macho yake.

Ikafuata miaka ya chama kimoja, ambayo hapa tunaipita, kwa kuwa ubishi ulizimwa wala haukusuluhishwa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ikaonekana kwamba ile nusu na nusu ilikuwa palepale ilipoachwa.

Uchaguzi wa tarehe 22 Oktoba 1995 unastahili kutazamwa kwa karibu. Dk. Salmin Amour wa CCM, chama tawala kilichomrithi Afro-Shirazi, alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF, aliyewahi kuwa Waziri Kiongozi katika serikali ya CCM kabla ya kufukuzwa chamani, akapewa asilimia 49.8, tafauti ya kura haikufika 2,000 katika kura zaidi ya 300,000. Katika Baraza la Wawakilishi CCM ilipata viti 26 vya majimbo na CUF 24, na hao 24 walitoka wapi? Viti vyote 21 vya Pemba, na 3 vya Mjini Unguja. Kisiwa kizima, basi, kilikuwa hakina hata mjumbe mmoja wa kuchaguliwa katika chama kinachotawala, na aliyepata nusu ya kura, kasoro kidogo mno, hakupata kwa mujibu wa katiba ya wakati huo hata kiti cha kukalia katika serikali. CUF wakakataa kumtambua Rais na wawakilishi wao wakasusia vikao vya Baraza. Serikali nayo ikakaza kamba, na baadaye watu 18 wa chama hicho wakashitakiwa kwa uhaini na kukaa rumande mpaka Novemba 2000. Wafadhili wa nje wakafunga mifuko yao, na aliyeumia kwa kufungwa huko ni yule yule aliyekwenda hospitali akaambiwa dawa hakuna, awe wa chama gani.

Mambo haya hayakubaki Barazani. Visiwani siasa hulala barazani kwa herufi ndogo, kwenye viti vya saruji vya mbele ya nyumba, na huko ndiko ilikoharibu zaidi. Tangu zama za Hizbu na Afro watu walisusiana maduka na magari ya abiria, wakasusiana hata kuzikana, jambo ambalo katika mji wa Kiislamu ni zito kuliko matusi. Na katika miaka ya tisini desturi hiyo ikafufuka, mwenye duka akajua nani ni wake na nani si wake, na harusi ikahesabiwa kwa waliokosa kuja. Pale Michenzani, maskani ya Kisonge ya wafuasi wa CCM ilikuwa na ubao wake maarufu ambao wapita njia waliusoma kila siku, mwenye kucheka akacheka na mwenye kuumia akaumia, kwani maneno yaliyoandikwa kwa chaki juu yake yaliwachoma wapinzani waziwazi. Ubao huo ulifahamisha kuliko hotuba nyingi, maana kiongozi aliyezoesha watu wake lugha ile hawezi kesho yake kuwaambia kuwa mahasimu ni ndugu.

Muafaka wa kwanza kati ya CCM na CUF ulitiwa saini mwezi wa Juni 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, ukafa kwa kutotekelezwa. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ukavurugika hata kura zikaamriwa kurudiwa katika majimbo 16 ya Unguja, CUF wakagoma kurudi, na tarehe 27 Januari 2001 walipoandamana licha ya marufuku, polisi walipiga risasi. Tume iliyoundwa na Serikali ilihesabu maiti 31, na watetezi wa haki za binadamu walihesabu zaidi. Wapemba zaidi ya 2,000 walipanda vyombo vyao wakavuka bahari mpaka Shimoni, pwani ya Kenya, na Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenziwe, kwa mara ya kwanza ikawa yenyewe ndiyo inayokimbiwa. Huo ndio mporomoko wenyewe. Baada yake ukaja muafaka wa pili, wa tarehe 10 Oktoba 2001, ambao miongoni mwa matunda yake ilikuwa ni kuingizwa makamishna wawili kutoka upinzani katika Tume ya Uchaguzi.

Lililowatoa viongozi ukingoni, hata hivyo, halikuwa mkataba wa makatibu wakuu. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, wakazungumza bila ya msuluhishi wa kigeni, na siku chache baadaye CUF wakatangaza kumtambua Rais ambaye walikuwa wakimkana kwa miaka. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa: chama cha pili kwa kura za urais hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais, mradi kimepata asilimia 10 au zaidi, Makamu wa Pili, ambaye ndiye kiongozi wa shughuli za serikali Barazani, hutoka chama cha Rais, na wizara hugawiwa kwa uwiano wa viti.

Miezi mitatu baadaye ilionekana faida yake. Katika uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, yaani namba zile zile za mwaka 1995 kwa tafauti ya unyoya; watu wale wale, visiwa vile vile, na bado Maalim Seif alikubali matokeo, akapeana mkono na mshindi, na hapana aliyekimbilia Shimoni. Tabia za watu hazikuwa zimebadilika katika miaka 15. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa kikimngoja aliyeshindwa.

Wapo waliolalamika, na malalamiko yao si ya kupuuzwa, kwamba serikali ya wote haina wa kuiuliza, na kwamba chama cha pili kikishapewa magari na ofisi husahau kazi yake ya kukosoa. Ni kweli kwamba Baraza la miaka ile halikuwa na upinzani rasmi, na mwenye kutaka mfumo wa vyama viwili ulio na siha hawezi kufurahi akiona vyote viwili vimekaa upande mmoja wa meza. Lakini pia meli ya Skagit ilipozama Julai 2012 pamoja na abiria wake, waziri aliyehusika na usafiri, mtu wa CUF, alijiuzulu, jambo ambalo katika nchi zetu ni nadra kama mvua ya Januari. Kwa hiyo siwezi kusema kuwa uwajibikaji ulikufa. Mimi ningependelea upinzani wenye meno na mshahara, kama ule wa Uingereza, lakini huwezi kumtaka mtu akae upinzani kwa utulivu ilhali hana yakini kwamba siku akishinda atapewa.

Na yakini hiyo ndiyo iliyokosekana mwaka 2015. Kura zilipigwa tarehe 25 Oktoba kwa utulivu uliosifiwa na watazamaji wa nje. Siku iliyofuata, hesabu ikiwa haijakamilika, Maalim Seif akajitangaza kuwa anaongoza na ameshinda. Na tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akajitokeza katika televisheni akaufuta uchaguzi wote, hali baadhi ya makamishna wake wakisema hawakushirikishwa. Kila upande ukapiga hatua yake kuelekea ukingoni, ingawa hatua hizo hazikuwa na uzito mmoja, kwani mgombea anayejitangaza amevunja adabu ya uchaguzi, na tume inayofuta kura zilizokwisha kuhesabiwa katika vituo imevunja uchaguzi wenyewe. Marudio yakafanywa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakasusia, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na kwa kuwa hapana chama kingine kilichofika asilimia 10, kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu mpaka mwisho wa kipindi. Mwezi huo huo Marekani ikasitisha msaada wa dola milioni 472 uliokuwa uje Tanzania kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, sababu mojawapo ikiwa uchaguzi huo.

Mwaka 2020 Maalim Seif, aliyekwisha kuhamia ACT-Wazalendo, alishindwa kwa mbali na Dk. Hussein Ali Mwinyi katika uchaguzi ambao chama chake kiliulalamikia vikali, na juu ya hayo akakubali mwezi wa Desemba kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza; akafariki tarehe 17 Februari 2021 akiwa katika cheo hicho, na nafasi yake ikashikwa na Othman Masoud Othman wa chama hicho hicho. Kumbe basi kifungu cha mwaka 2010 kimeonesha kuwa kina nguvu ya kuwarudisha watu mezani hata baada ya ghadhabu kubwa. Kisichoweza ni kuwafanya wasadiki hesabu, na Tume ambayo Mwenyekiti wake huteuliwa na Rais, naye Rais mwenyewe akiwa mgombea au mwenye chama chenye mgombea, itaendelea kutiliwa shaka hata siku ambayo imehesabu kwa haki tupu. Kugusa katiba ya Zanzibar kunahitaji theluthi mbili za wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2010 theluthi hizo zilipatikana kwa kura za vyama vyote viwili, na wajumbe waliomo Barazani leo wana uwezo ule ule juu ya uteuzi wa Tume. Wapiga kura wao wawaulize, kabla ya kampeni kuanza, kwa nini hawajautumia.