Kutojua na Kutobainika: Istilahi ya Kiswahili kwa Kanuni ya Heisenberg

Kutafsiri istilahi ya kisayansi ni kuchukua msimamo wa kifalsafa. Mfano mwafaka ni kanuni aliyoitoa mwanafizikia Mjerumani, Werner Heisenberg, mwaka wa 1927. Kwa mujibu wake, mahali ilipo elektroni na momenta yake, yaani zao la masi na mwendokasi, haviwezi kuwa bayana kwa pamoja pasi na mpaka. Kadiri kimoja kinavyobanwa, ndivyo kingine kinavyotawanyika.

Anayeifasiri kanuni hii kupitia Kiingereza huelekea kuiita ya "kutokuwa na uhakika". Hata hivyo, uhakika ni hali ya mtu, si ya elektroni. Aliye ufuoni usiku hana uhakika dau la mwenziwe liko wapi, ilhali dau lipo mahali fulani. Heisenberg mwenyewe, katika makala yake ya Kijerumani, alitumia zaidi maneno yenye maana ya kukosa usahihi na kutobainika. Lile la kukosa uhakika lilijitokeza katika nyongeza ya mwisho tu.

Je, elektroni ni kama dau hilo? Mwaka wa 1935 Einstein, Podolsky na Rosen walishikilia kuwa maelezo ya kikwanta ni pungufu. Mnamo 1964 John Bell alidhihirisha kwamba suala hilo laweza kupimwa. Majaribio ya Clauser, Aspect na Zeilinger, waliotuzwa Nobeli mwaka wa 2022, yalipinga dhana kwamba kila chembe hubeba majibu yake tayari bila kuathiriwa na kipimo kilicho mbali. Nadharia ya David Bohm ya 1952 ingali inaipa chembe mahali bayana daima, ila kwa gharama ya kukubali athari hiyo ya mbali.

Kwa mintarafu hii, "kutobainika" ndiyo istilahi inayofaa zaidi. Kauli ya kutendeka haidai mtenda: jambo halibainiki, awepo mtazamaji au asiwepo. Istilahi hiyo haiamui mjadala kabla haujaanza. Kinyume chake, "kutokuwa na uhakika" humfunza mwanafunzi, bila yeye kutambua, kwamba kasoro ni ya macho yake. Mwanaistilahi asipotahadhari, huwa amekwisha kumjibu Einstein kwa niaba ya wasomaji wake.