Sheikh Abdallah Saleh Farsy: Kadhi ambaye vitabu vyake vimevuka bahari

Kwa Mwislamu wa Afrika Mashariki aliyehamia West Side ya Buffalo au Columbus, au mjini Louisville, nchini Marekani, kuna ofisi moja ya nyumbani ambayo hataiona tena: ofisi ya kadhi.

Watu wa kwao wapo. Tangu miaka ya 2000, West Side ya Buffalo imepokea wakimbizi wengi kutoka Somalia, Burundi na Kongo. Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, una mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani. Miji yote mitatu ilipokea pia Wasomali Wabantu waliotoka katika kambi za Kenya, baadhi yao wakizungumza Kiswahili.

Misikiti ipo, na maimamu wapo. Lakini kibali cha ndoa hakitoki msikitini. Buffalo, bwana na bibi harusi hukichukua kwa karani wa jiji, kisha hungoja saa 24 kabla ya kuoana. Columbus, kibali hutolewa na mahakama ya mirathi ya kaunti. Louisville, hutolewa na karani wa kaunti, na hudumu siku 30 tu. Imamu anaweza kufungisha ndoa, lakini ndoa ikivunjika ni mahakama ya jimbo pekee yenye uwezo wa kutoa talaka inayotambuliwa na serikali.

Kwa hiyo anayetaka kujua dini yake inasema nini kuhusu eda, mahari au mirathi hana afisa wa serikali wa kumwendea. Ana mwalimu wake, na ana vitabu. Na katika vitabu vya dini vya Kiswahili ni vigumu kufika mbali bila kukutana na jina la mtu mmoja, Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Yeye alikuwa kadhi wa serikali katika nchi mbili, lakini leo wengi wanamjua kwa kalamu yake.

Mwalimu kabla ya kuwa kadhi

Sheikh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912, wakati Zanzibar ilikuwa nchi ya Sultani iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza. Alisoma skuli ya serikali na wakati huo huo akihudhuria darsa za wanazuoni wa mjini.

Miongoni mwa walimu wake walikuwa Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumait. Baba zao, Sheikh Abdalla Bakathir na Sayyid Ahmed bin Sumait, walikuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa kabisa wa madhehebu ya Shafi Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20. Sayyid Ahmed alikuwa kadhi, na mwanawe Sayyid Omar naye akawa kadhi. Hivyo ndivyo elimu ilivyokuwa ikipita, kutoka kwa baba hadi kwa mwana na kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi.

Hata hivyo, kazi ya Sheikh Farsy haikuanzia mahakamani. Alianza kufundisha katika skuli za serikali miaka ya 1930, na baadaye akawa mkaguzi wa masomo ya dini. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha historia kuhusu Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856. Alikiandika kwa Kiswahili.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Wanazuoni wengi waliomtangulia walipotaka kuandika jambo zito waliliandika kwa Kiarabu, na mtu wa kawaida alilisikia kwa mdomo tu, pale sheikh alipotafsiri msikitini. Sheikh Farsy, aliyezoea kufundisha watoto, aliandika kwa lugha ya wanafunzi wake.

Chini ya serikali tatu

Mwaka 1960 aliteuliwa kuwa kadhi Zanzibar. Visiwani humo walikuwapo makadhi wa Kisunni na makadhi wa Kiibadhi, kwa sababu watawala walikuwa Maibadhi na raia wengi walikuwa Mashafi.

Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963, na Sultani akapinduliwa Januari 12, 1964. Sheikh Farsy, aliyeteuliwa wakati wa Sultani, aliendelea na kazi chini ya Serikali ya Mapinduzi hadi mwaka 1967, alipoondoka na kuhamia Kenya. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akichukua nafasi ya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui.

Kiti hicho kilikuwa na historia yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1937 hadi kifo chake mwaka 1947, alikuwa pia mwandishi, na miaka ya 1930 alitoa magazeti ya Al-Sahifa na Al-Islah mjini Mombasa. Mtoto wake, Profesa Ali Mazrui, alikuja kufundisha kwa miaka mingi Binghamton, katika jimbo hilo hilo la New York lenye mji wa Buffalo, hadi alipofariki mwaka 2014.

Mahakama ya kadhi nchini Kenya inasimama juu ya makubaliano ya kisiasa. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza tangu mwaka 1895. Ulipokabidhiwa kwa Kenya mwaka 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana kwamba mahakama za kadhi zitalindwa. Zikaingia katika katiba ya uhuru. Kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, zilizusha mjadala mkali, lakini zikabaki katika Ibara ya 170 ya katiba mpya. Ibara hiyo inazihusisha na hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote zikiwa ni Waislamu na zimekubali kwenda kwa kadhi.

Si kwa Waislamu peke yao

Wapo wanaoona ajabu kwamba mwanazuoni wa dini anaweza kuwa hakimu wa serikali. Lakini Uingereza yenyewe, iliyowakuta makadhi pwani na kuwaacha kazini, ilikuwa na utaratibu unaofanana na huo. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1850, kesi za ndoa na wasia nchini humo zilisikilizwa na mahakama za kanisa. Mfalme Henry VIII alikomesha masomo ya sheria za kanisa katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge mwaka 1535, na tangu hapo mahakama hizo zilitegemea wasomi wa sheria za Kirumi.

Mmoja wao alikuwa John Cowell, profesa wa Cambridge na msaidizi wa kisheria wa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1607 alitoa kamusi ya maneno ya sheria. Wabunge walikasirishwa na aliyoyaandika kuhusu mamlaka ya mfalme, na mwaka 1610 Mfalme James I akakipiga marufuku kitabu hicho. Cowell alifariki mwaka uliofuata. Kitabu chake kikachapishwa tena, na wanahistoria wa sheria wanakitumia hadi leo. Wengi wa mahakimu wenzake wamesahauliwa.

Kurani kwa Kiswahili

Kazi kubwa ya Sheikh Farsy ilitoka Nairobi mwaka 1969, wakati akiwa Kadhi Mkuu. Ni tafsiri nzima ya Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo.

Haikuwa ya kwanza. Mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale, alitoa tafsiri yake mwaka 1923, ikiwa na lengo la kuwasaidia wahubiri wa Kikristo. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya jumuiya ya Ahmadiyya, iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad. Masheikh wa Kisunni hawakuiridhia, na Sheikh Farsy alikuwa miongoni mwa waliojitokeza kuijibu. Jibu lake kubwa lilikuwa tafsiri yake mwenyewe.

Uandishi huo ulimletea wapinzani pia. Mwaka 1977, akiwa bado Kadhi Mkuu, alitoa kitabu kinachopinga mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa katika ibada. Masheikh waliolelewa katika mila hizo, wengine wakiwa wamesoma kwa walimu wale wale aliosoma yeye, hawakukubaliana naye, na mabishano yao yamebaki misikitini hadi leo. Mtu anaweza kumpinga Sheikh Farsy, lakini kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili, hata anayempinga anaweza kumsoma na kumjibu bila kupitia kwa mkalimani.

Mwaka 1972 kilichapishwa Mombasa kitabu chake kuhusu maisha ya wanazuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Ndani yake anawataja walimu na wanafunzi wao, nani alisoma kwa nani, nani alikuwa kadhi wapi. Mwanahistoria Randall Pouwels alikifasiri kwa Kiingereza, na mwaka 1989 kikatolewa na Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani. Anayetafiti historia ya Uislamu wa pwani katika chuo chochote cha huko hana budi kukisoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sheikh Farsy aliondoka Kenya kwenda Oman. Alifariki Muscat mwezi Novemba 1982.

Kinachobaki ughaibuni

Kurudi West Side, maisha yake yana somo la wazi kwa familia zetu. Hukumu ya kadhi ina mpaka, nao ni mpaka wa nchi iliyomteua. Elimu yake haina mpaka huo. Mjane wa Columbus anaweza kufungua tafsiri ya Kurani na kusoma katika Sura ya Nisaa, kwa lugha aliyoizoea, fungu lake katika mirathi ya mumewe. Lakini karani wa Columbus hatasoma kitabu hicho.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu akifariki bila wasia ulioandikwa kwa utaratibu wa jimbo lake, mali yake hugawanywa kwa sheria ya jimbo, hata kama maisha yake yote alikusudia mgawanyo wa dini. Akiandika wasia anaweza kufuata mafungu ya Kiislamu kwa sehemu kubwa, ila sheria za majimbo hayo matatu zinampa mume au mke aliyebaki haki ya kudai sehemu yake. Na mwanamke aliyeolewa kwa nikaha tu, bila kibali cha serikali, anaweza kujikuta akilazimika kuthibitisha ndoa yake mahakamani siku ambayo mume hayupo tena kumtolea ushahidi.

Nyumbani, kadhi huziunganisha kazi hizo mbili. Anaeleza dini, kisha anapiga muhuri. Ughaibuni zimetengana, na familia inapaswa kwenda sehemu zote mbili: kwa mwalimu na kitabu ili kujua lililo sawa, na kwa karani ili liandikwe.