UFAFANUZI KUHUSU NJIA DHAIFU ZA USIMBAJI KATIKA PROGRAMU ZA KUSIMAMIA MAKUNDI YA KOMPYUTA

Kumbukumbu za vizazi na vifo, orodha za mishahara na hati za ardhi, ambazo zamani zilitunzwa katika majalada na kufungiwa kabatini, sasa katika nchi nyingi huhifadhiwa ndani ya kompyuta. Kazi inapokuwa kubwa kompyuta moja haitoshi. Hapo kompyuta kadhaa huunganishwa zikawa kundi moja, na kundi hilo hukabidhiwa programu maalumu ya kulisimamia, ambayo hugawa kazi, huangalia kompyuta ipi imezimika, na kuuhamishia mzigo wake kwenye nyengine. Programu mashuhuri kuliko zote katika kazi hiyo ni Kubernetes, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014. Jina hilo ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani, na kwa watu wa visiwani maana hiyo haihitaji maelezo zaidi.

Kompyuta za kundi huzungumza baina yao kwa njia ya mtandao, na mazungumzo hayo husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka kwa asiyekuwa na ufunguo. Kabla ya kuanza, pande mbili hupatana juu ya njia ya kusimba: anayeomba hutaja njia anazozijua, na anayeombwa huchagua moja. Ni vyema ifahamike kwamba orodha ya njia zinazokubalika huja pamoja na programu yenyewe. Msimamizi asipoigusa, hubakia kama ilivyotoka kwa watengenezaji, na hali hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita chaguo-msingi. Kwa miaka mingi orodha ya Kubernetes ilikuwa na njia iliyokwisha kuchakaa, nayo ni 3DES.

Asili ya njia hiyo ni DES, iliyofanywa kuwa kiwango rasmi cha Serikali ya Marekani mwaka 1977. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 56 tu, na mwaka 1998 taasisi ya Electronic Frontier Foundation iliunda mashine iliyoupata ufunguo wa namna hiyo kwa muda wa saa 56. Ili kuirefushia umri, DES ilitumiwa mara tatu mfululizo, na hiyo ndiyo 3DES. Ufunguo ulirefuka, lakini kitu kimoja hakikubadilika. Maandishi yaliendelea kukatwa mafungu madogo madogo ya biti 64, yaani herufi nane nane, na kila fungu kusimbwa.

Udogo wa fungu ndio uliozaa udhaifu, na sababu yake inaeleweka bila ya hesabu nzito. Wakikusanyika watu 23 katika chumba kimoja, uwezekano wa wawili miongoni mwao kuwa wamezaliwa tarehe moja hupindukia nusu, ingawa mwaka una siku 365. Kadhalika, mafungu mengi yakisimbwa kwa ufunguo mmoja, mawili yatafanana mapema kuliko mtu anavyodhani. Kwa fungu la biti 64, kugongana huko huanza kutarajiwa yafikapo mafungu 4,294,967,296, ambayo ni kiasi cha gigabaiti 34. Kundi la kompyuta lenye shughuli nyingi laweza kupitisha kiasi hicho kwa muda mfupi. Mafungu mawili yakifanana, anayesikiliza mtandaoni hupata uhusiano baina ya maandishi mawili ya asili, na akilijua moja amelijua la pili.

Mwaka 2016 watafiti Karthikeyan Bhargavan na Gaëtan Leurent wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa walilithibitisha jambo hilo kwa vitendo, katika shambulio walilolipa jina la Sweet32. Baada ya kunasa takriban gigabaiti 785 katika muda usiotimia siku mbili, walikipata kitambulisho cha siri ambacho mtumiaji hupewa akishaingia. Mwenye kukishika huingia kwa jina la mwenziwe bila ya kuulizwa neno la siri.

Hatari hiyo isikuzwe kupita kiasi. 3DES iliwekwa mwishoni mwa orodha, na kompyuta za kisasa hupatana kwa AES, kiwango cha mwaka 2001 kilichobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambacho fungu lake ni la biti 128. Njia dhaifu hutumika pale tu mwombaji ni programu kongwe isiyojua nyengine. Hata hivyo, kwa kuwahurumia wakongwe hao wachache mlango uliachwa wazi kwa wote, na uliachwa muda mrefu. Kubernetes imeandikwa kwa lugha ya Go na orodha yake imerithiwa humo. Go iliiondoa 3DES katika chaguo-msingi mwezi Agosti 2024, miaka minane baada ya Sweet32. Makundi yaliyosimikwa kwa matoleo ya kabla ya hapo bado yanayo, isipokuwa pale msimamizi alipoiondoa kwa mkono wake.

Kuiondoa si kazi kubwa, ila hukosewa mara kwa mara. Wengi huirekebisha seva kuu, inayosikiliza kwenye mlango namba 6443, wakadhani wamemaliza. Kila kompyuta ya kundi ina wakala wake kwenye mlango namba 10250, na ghala ya kumbukumbu iitwayo etcd iko kwenye namba 2379. Kila mmoja una orodha yake na hurekebishwa peke yake. Aidha, seva kuu na ghala lazima zibakiwe na angalau njia moja ya pamoja, la sivyo hazitasikilizana na kundi zima litasimama.

Ghala hiyo ina jambo lake jengine. Maneno ya siri yanayowekwa humo, kwa chaguo-msingi, hayasimbwi kabisa. Zinapotolewa kwa msomaji huonyeshwa kwa mtindo wa base64 tu. Neno “siri” huwa “c2lyaQ==”, na mtu yeyote hulirejesha mara moja bila ya ufunguo, mfano wa watoto wanaosema kinyume, ambapo “samaki” huwa “kisama” na kila aliyekulia mtaani husikia samaki. Uwezo wa kuzisimba siri hizo ulitangazwa kuwa umekamilika katika toleo la 1.13 la mwaka 2018, lakini sharti msimamizi auwashe. Hata akiuwasha, siri zilizokuwemo kabla hubakia wazi mpaka ziandikwe upya, na nakala za akiba zilizokwisha kuchukuliwa na kuwekwa mahali pengine hazibadiliki.