Shule na dini: watoto wetu wanajifunza nini?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea hapa Nakivale tunataka tuongee jambo linaloleta maneno nyumbani: mtoto anaenda shule, akirudi anaongea dini kwa namna nyingine.

Tuanze na kisa kimoja. Baba mmoja Msomali alitujia na karatasi ya mtihani wa majaribio wa SST ya mtoto wake wa P.7. Alikuwa amekasirika. "Mwalimu, mimi nilimtuma mtoto asome. Mbona mnamfanya Mkristo?"

Tukaangalia ile karatasi. Katika PLE, maswali ya dini yako ndani ya SST, na mtoto anachagua: la Kikristo au la Kiislamu. Akijibu yote mawili kwenye namba moja, hapati alama. Mtoto huyu anakwenda dugsi kila jioni, anajua sura nyingi kwa moyo, lakini alikuwa amejibu ya Kikristo yote. Tulipomuuliza, akasema polepole: "Baba, nimejibu yale tuliyofundishwa."

Kweli tuliona aibu. Hakuna aliyetaka kumgeuza dini. Ila darasani kulikuwa na mwalimu wa upande mmoja na kitabu cha upande mmoja, basi.

Jambo hili si geni. Hapa Uganda shule na kanisa vilikuja pamoja. Wamisionari Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877, Wakatoliki 1879, na Uislamu ulikuwa umetangulia. Mpaka leo kwa Kiganda neno "okusoma" ni kusoma kitabu na pia kusali. Ukienda Mbarara utaona mwenyewe: kilima cha Ruharo kina kanisa kuu la Waanglikana, cha Nyamitanga la Wakatoliki, na shule ziko hapo hapo. Na wenzetu wa Congo wanakumbuka: mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa, halafu 1977 ikapatana na makanisa wazisimamie tena.

Sasa, shule inambadilisha mtoto namna gani? Sisi tumeona mambo mawili.

La kwanza, anaanza kuuliza. Nyumbani aliambiwa "ndivyo ilivyo", shuleni anaambiwa "toa sababu". Akikuuliza kwa nini tunafunga, au kwa nini tunabatizwa, usidhani imani imekwisha. Ukimgombeza atanyamaza, lakini swali litabaki. Afadhali ajibiwe na mama yake kuliko na watu wa barabarani.

La pili, wanakaa benchi moja: Mpentekoste wa Congo, Mkatoliki wa Burundi, Mwislamu wa Somalia. Wakati wa Ramadhani tuliona watoto Wakristo wakienda kula nyuma ya darasa ili wasiwatamanishe wenzao. Hatukuwatuma.

Wazazi, haki mnayo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 4, unasema mkimbizi apewe uhuru wa dini, na uhuru juu ya mafundisho ya dini ya watoto wake, usiopungua ule wa wenyeji. Lakini haki usipoiulizia inabaki kwenye karatasi. Njooni kwenye kikao cha wazazi. Ulizeni: dini anafundisha nani? Kwa kitabu gani? Fungueni na madaftari ya watoto.

Yule baba hakuishia kwenye hasira. Wiki iliyofuata alirudi na mwalimu wa dugsi. Siku hizi saa ya dini ikifika, watoto Waislamu wanakaa naye chini ya mti. Yeye anaeleza, sisi tunawaandikia kwa Kiingereza, maana mtihani ni wa Kiingereza. Kwenye majaribio yaliyofuata mtoto alijibu maswali ya Kiislamu. Alikosa mawili.

Baba akacheka: "Sasa akikosa, kosa ni letu wenyewe."