Je, Wajua? Mzamivu si Mzamiaji

Je, wajua kwamba neno "uzamivu", jina la Kiswahili la PhD, limetoka kwenye kitenzi "zama"? Mzamivu ni yule anayezama hadi chini kabisa akaibuka na kitu mkononi. Neno hilo lina binamu yake wa mtaani: mzamiaji, kijana anayejificha melini na kuibukia ughaibuni bila viza. Wote wawili wamezama, wote wamevuka maji. Kinachowatenganisha ni makaratasi, na safu ya leo ni ya makaratasi hayo, yakitazamwa na mtu anayeyajaza akiwa Singida.

Je, wajua kwamba Singida yenyewe imezamiwa na wasomi wa nje kwa zaidi ya miaka sitini? Mwaka 1964 ilitoka tasnifu ya Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani aliyefundisha Makumira, kuhusu sauti na maumbo ya maneno ya Kirimi, yaani Kinyaturu. Ilichapishwa Hartford, Connecticut. Mwaka huohuo James Woodburn alipata uzamivu wake Cambridge kwa utafiti juu ya Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi wilayani Mkalama. Mwaka 1997 ikawa zamu ya Todd Sanders, aliyeandika London School of Economics kuhusu uletaji mvua wa Waihanzu, watu ambao wengine huwaita Wanyisanzu. Lugha ya bibi yako, mawindo ya jirani yako na mvua ya mjomba wako, vyote vimeshampa mtu udaktari. Wewe je?

Je, wajua kwamba Isaria Kimambo alipanda ndege hadi Marekani, akasoma Northwestern, jirani na Chicago, kisha akaandika juu ya kwao Upare? Uzamivu aliupata mwaka 1967, na miaka miwili baadaye kazi hiyo ikawa kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare tangu karibu mwaka 1500 hadi 1900. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa masimulizi ya wazee. Nakaa hapa kidogo kwa sababu waombaji wengi hukosea hapa. Wanadhani ili kumvutia profesa wa ng'ambo ni lazima waandike mambo ya ng'ambo. Profesa wa Chicago ana watu tele wa kumsimulia Chicago. Wa kumsimulia mbuga ya Wembere hana.

Je, wajua kwamba dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, ilifuliwa kuwa sarafu? Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita na njia ya baharini imefungwa, walitengeneza Tabora sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaigombania. Mwanahistoria wa uchumi aliyekosa mada na ajilaumu mwenyewe. Mtaalamu wa mimea anavyo vichaka vya Itigi, aina ya uoto inayopatikana Tanzania na Zambia. Mwanajiolojia ana bonde la Eyasi-Wembere, ambako mafuta yanatafutwa. Mtu wa kilimo ana alizeti mpaka mlangoni.

Je, wajua kwamba Ujerumani mara nyingi huombi "programu", unaomba mtu? Unamtafuta profesa anayekubali kukusimamia, na Wajerumani humwita kwa neno lenye maana ya "baba wa udaktari", au mama akiwa mwanamke. Akikubali, nusu ya safari imekwisha. Asha-Rose Migiro alipita mlango wa Ujerumani: Konstanz, mwaka 1992, miaka 15 kabla hajawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Vyuo vingi vya umma kule havitozi ada ya masomo kwa uzamivu. Lakini usishangilie mapema. Anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi bila ufadhili wala ajira huonyesha fedha za kujikimu mwaka mzima kwenye akaunti maalumu, na kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904.

Je, wajua kwamba Sweden na Norway nafasi ya uzamivu hutangazwa kama kazi? Kuna mshahara, kuna likizo, na mwombaji hushindana kama anayeomba ajira. Sweden ilianza mwaka 2011 kuwatoza ada wanafunzi wa shahada ya kwanza na ya uzamili wanaotoka nje ya Ulaya, lakini uzamivu haukuguswa.

Je, wajua kwamba Marekani unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza? Ndiyo maana masomo yao huchukua miaka mitano, sita au zaidi, wakati Uingereza huhesabu mitatu au minne. Programu nyingi nzuri za Marekani hulipa ada na posho, nawe unafundisha au unasaidia utafiti. Vyuo vingi vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ukisukumwa ujibu Februari, uliza kwa adabu kama chuo hicho kimo katika makubaliano hayo. Ila kabla ya kulipa ada ya maombi, hata dola moja, ulizia kwanza hali ya viza ya mwanafunzi kwa Watanzania mwaka huo. Sheria zao hubadilika wakati fomu yako ingali njiani.

Je, wajua kwamba GPA yako inaweza kukuponza ikiwa nzuri? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huhesabu alama ya mwisho juu ya 5, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Marekani huhesabu juu ya 4. Mwenye 3.6 ya chuo hicho ana daraja la pili la juu. Kwa jicho la haraka la karani wa ng'ambo, anaonekana karibu na kilele. Akigundua baadaye kwamba kipimo ni kingine, anaanza kukushuku wewe ambaye hukusema uongo. Andika wazi: 3.6 kati ya 5. Halafu hakikisha transkripti ina maelezo ya madaraja, mara nyingi yako nyuma ya karatasi, ule upande ambao watu husahau kuuskani.

Je, wajua kwamba tofauti ya saa kati yetu na ng'ambo imewanyima watu nafasi, na pia imewaokoa? Dirisha la maombi linalofungwa saa 5:59 usiku New York mwezi Desemba, kwa Singida linafungwa saa 1:59 asubuhi ya kesho yake. Una usiku mzima wa nyongeza. Oxford ni kinyume: hufunga saa sita mchana kwa saa za Uingereza, yaani saa 9 alasiri kwetu wakati wa baridi. Aliyepanga kutuma jioni akitoka kazini amechelewa tayari.

Je, wajua kwamba herufi mbili tu zinaweza kusimamisha safari? Majina ya Kinyaturu yana "gh", na makarani wa mikoa mingine huila. Cheti cha kuzaliwa kina "gh", cha kidato cha nne hakina, pasipoti imefuata cha tatu. Kwa ubalozi hao ni watu watatu. Weka vyeti vyote mezani leo, ulinganishe herufi kwa herufi, na penye tofauti nenda kwa wakili ukaapishwe kabla hujaomba pasipoti. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000. Ni kuku wangapi wa Singida hao, piga hesabu mwenyewe.

Je, wajua kwamba matokeo ya IELTS hufa baada ya miaka miwili? Na kwamba vyuo kadhaa havidai mtihani huo ikiwa digrii yako ilifundishwa kwa Kiingereza? Omba barua ya kuthibitisha hivyo kwenye chuo ulichosoma. Ni ukurasa mmoja tu.

Wadhamini, hapa nina kinyongo kidogo. Barua ya udhamini haipiti mikononi mwako: chuo cha nje humtumia mhadhiri wako kiungo, naye huipakia mwenyewe. Mwombe wiki sita kabla, mkumbushe wiki mbili kabla, na uwe na wa akiba. Wa kwangu mmoja, mzee mwema sana, alinijibu kwa furaha siku nne baada ya dirisha kufungwa. Shikamoo yake bado naitoa.

Je, wajua kwamba anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu akiwa bado Tanzania? Na kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa kigeni kule hawaruhusiwi kuja na mwenza na watoto, lakini wa uzamivu wameachwa? Kwa mwenye familia, hilo peke yake laweza kuamua nchi.

Je, wajua kwamba safari ya Dar kupeleka alama za vidole za viza imepungua uchovu? Ubalozi Singida hakuna, lakini tangu Julai 2024 treni ya SGR inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam. Basi hadi Dodoma, kisha reli.

Je, wajua kwamba Sweden tasnifu hupigiliwa ukutani kwa msumari kabla ya kutetewa? Finland daktari mpya hupewa kofia na upanga. Uholanzi muda ukiisha anaingia mtu na fimbo yake na kutamka kwa Kilatini kwamba saa imefika, hata kama uko katikati ya sentensi. Wanakamati wetu warefu wa maneno wangepelekewa huyo.

Je, wajua kwamba ukirudi na digrii yako, bado iko hatua moja? Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2005, ndiyo inayozitambua digrii za nje. Kwa hiyo anza huko kabla hujaondoka: uliza kama chuo unachokiendea kinatambuliwa. Wapo waliouliza baada ya miaka minne.

Na ombi moja kwenu mliokwisha kuzama na kuibuka, wa Manyoni, Ikungi, Iramba na Mkalama. Tasnifu ya Kinyaturu iko Connecticut, ya Wahadzabe iko Cambridge, ya mvua ya Ihanzu iko London. Ya kwako ikitoka, chapa nakala moja zaidi, uipeleke kwenye maktaba ya sekondari uliyosoma.