Chema nacho hutembezwa: somo la kuuza kutoka mbio za farasi za Ireland

Mfanyabiashara mwenzangu, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo twende Ireland, tukaone mahali ambapo hata chema kinatembezwa mbele za watu, na ndiyo maana kinanunuliwa.

Vijijini huko kuna mbio za farasi zinaitwa point-to-point. Hufanyika zaidi Jumapili, mara nyingi kwenye shamba la mtu. Wapanda farasi ni wa ridhaa, hawalipwi. Mbio nyingi ni karibu kilomita 5, na njiani farasi wanaruka vizuizi. Asili yake inasimuliwa hivi: mwaka 1752, wanaume wawili wa Cork walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi la Doneraile, kama kilomita 7, wakiufuata mnara wa kanisa kwa macho.

Kwa familia ni matembezi ya siku nzima. Watu huja na viatu vya tope, gari linaegeshwa kwenye majani, buti linafunguliwa na kugeuka meza ya chakula. Watoto mara nyingi hawalipi kiingilio. Mbio moja ikiisha, wanakimbilia kwenye uzio kuwaona farasi wa mbio inayofuata.

Sasa sikia: kwenye uzio huohuo wamesimama wanunuzi wakubwa. Kuna watu kazi yao ni kununua farasi wachanga, kuwafundisha, kuwakimbiza hapa mara moja au mbili, kisha kuwapeleka mnadani. Anayefanya vizuri anaweza kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya euro.

Mfano ni Best Mate. Mkufunzi wa Uingereza, Henrietta Knight, alimwona kwenye mbio hizi huko Lismore, na siku hiyo farasi hakumaliza hata mbio! Lakini alionekana vizuri, alivyosimama na alivyotembea. Akanunuliwa, akaenda kushinda Cheltenham Gold Cup mara tatu mfululizo: 2002, 2003 na 2004.

Mteja wako naye anaombwa atume hela kwa mtu asiyemjua, kwa mzigo ambao hajaushika. Anaogopa kupigwa, na ana haki ya kuogopa. Hawa wa farasi wanamtoaje hofu mnunuzi?

1️⃣ BIDHAA INAONEKANA IKITEMBEA
Kabla ya kila mbio, farasi wanazungushwa taratibu ndani ya uzio. Mnunuzi anaangalia miguu, mgongo, mwendo. Wewe unauza gauni kwa picha moja, tena uliyoitoa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Piga video fupi ya mzigo wako mwenyewe, mchana, karibu na dirisha. Mbele, nyuma, ndani, zipu ikifunguka na kufunga.

2️⃣ BEI IKO UBAONI
Wanaopokea dau husimama kwa mstari, kila mmoja na ubao wake, namba zinasomeka kwa mbali. Hatukwambii ucheze kamari! Tazama ubao tu: mtu analinganisha bila kumuuliza yeyote. Wewe umeandika "bei njoo inboksi". Mteja wa saa 5 usiku, bando linaishia, hakusubiri. Kesha agiza kwa jirani yako. Andika bei, na nauli ya kutuma mzigo uiandike pembeni.

3️⃣ KASORO INATAJWA KABLA
Kwenye minada ya farasi, tabia mbaya fulani, kama kung'ata mbao na kumeza hewa, lazima muuzaji aitaje. Akificha, mnunuzi anaweza kumrudisha farasi. Kwa hiyo kiatu cha mtumba kikiwa na mkwaruzo, upige picha, uuonyeshe, punguza bei kidogo. Mteja aliyeujua mkwaruzo kabla hakuiti tapeli baadaye. Aliyeukuta nyumbani anakutangaza kwenye magrupu yote.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji mtaji. Simu unayo, mzigo unao.

Kazi ya leo: chukua bidhaa moja iliyokaa muda mrefu bila kutoka. Piga video, andika bei, taja kasoro kama ipo, kisha posti. 👇🏾 Tuambie kwenye komenti ni bidhaa gani, na kama mpaka leo unaandika "bei inboksi", tupe sababu yako. Tujadiliane.