Fahamu: Zahanati ikikosa dawa Bariadi, aulizwe nani?

Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, una halmashauri 6. Bariadi pekee ina 2: ya mji na ya wilaya.

Zahanati ya halmashauri ikikosa dawa, wengi humkimbilia mbunge. Lakini afisa masuhuli wa halmashauri, yaani anayewajibika kwa fedha zake, ni mkurugenzi, na wa kumbana ni madiwani. Kazi hiyo ni ngumu mno: madiwani huchaguliwa na wananchi, mkurugenzi huteuliwa na Rais. Wanamsimamia mtu wasiyemwajiri.

Kijijini mlango wa kuuliza uko karibu zaidi. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi 3, na mkazi yeyote aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Usipoitishwa, wadaieni mwenyekiti na mtendaji wa kijiji.